Daktari wa Pua kwa Njia ya Simu

Mtoto ana kamasi zisizokwisha, na daktari wa masikio, pua na koo yuko mbali. Je, simu yaweza kukusaidia? Kabla sijakujibu, tutazame tulikotoka.

Alexander Graham Bell alisajili uvumbuzi wa simu mwaka wa 1876. Miaka 3 baadaye, mwaka wa 1879, jarida la udaktari la Lancet, huko Uingereza, lilisimulia habari za daktari aliyepigiwa simu usiku wa manane. Mtoto alikuwa akikohoa, na jamaa zake walihofia ugonjwa wa koo unaoziba pumzi. Daktari aliomba mtoto asogezwe kwenye simu akohoe. Akasikiliza, kisha akawatoa hofu. Siku hiyo sauti ilitosha.

Lakini pua ni nyembamba, tena ndani mna giza. Mwaka wa 1901, Mjerumani Alfred Hirschmann alichukua chombo cha kuchungulia kibofu cha mkojo, akakirekebisha ili aone ndani ya pua na sainasi, yaani vile vishimo vya hewa ndani ya mifupa ya uso. Siku hizi daktari huingiza mrija mwembamba wenye taa na kamera. Mama, kamera ya simu yako haifiki huko.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, shirika la madaktari wa ndege lilianzishwa mwaka wa 1957. Leo tunaliita Amref. Redio zake ziliwezesha hospitali za mbali kuuliza ushauri Nairobi. Kisha mwaka wa 2020 ukaja ugonjwa wa korona. Kuchungulia pua kungeweza kurusha matone yenye virusi, kwa hivyo madaktari wa pua katika nchi nyingi walianza kuwahudumia wagonjwa kwa simu na video.

Basi jibu ni hili: simu hubeba maelezo yako, haibebi pua ya mtoto. Inafaa kwa kueleza dalili, kufuatilia matibabu na kuonyeshwa jinsi ya kutumia dawa ya kupuliza puani. Kabla ya kupiga, andika: ni siku ngapi, tundu moja au yote mawili, kuna homa au harufu, na dawa ulizompa.

Lakini usingoje simu ukiona haya:
- Jicho au kope kuvimba au kuwa nyekundu
- Kupumua kwa shida
- Shingo kukakamaa, au kusinzia kusiko kwa kawaida
- Kamasi zenye harufu mbaya katika tundu moja tu. Huenda kuna haragwe au shanga ndani.

Ukishuku ni betri ndogo ya saa, kimbia hospitalini saa hiyo hiyo, kwani huunguza nyama ya pua haraka. Usijaribu kuichokoa.

Hadi wiki ijayo, mama, mtunze mtoto. Kwaheri.