Nani Amtambue Maskini, Nani Amlipie? Ada za Matibabu na Misamaha katika Afrika Mashariki, 1989–2011

Historia ya mifumo ya afya ya Afrika Mashariki mara nyingi huelezwa kama mpito kutoka matibabu ya bure ya baada ya uhuru hadi uchangiaji wa kipindi cha marekebisho ya kiuchumi. Maelezo hayo ni sahihi kwa ujumla wake, lakini yanaficha tofauti za msingi. Kenya ilifuta ada za wagonjwa wa nje mwaka 1965 na kurejesha malipo Desemba 1989. Tanzania, iliyopiga marufuku tiba binafsi ya kibiashara mwaka 1977, ilianza uchangiaji mwaka 1993. Rwanda ilirejesha ada mwaka 1996, baada ya kipindi kifupi cha huduma za bure kufuatia mauaji ya kimbari. Hoja ya insha hii ni kwamba nchi hizi hazikutofautiana sana katika kutoza ada. Zilitofautiana katika kuamua nani amtambue asiyeweza kulipa, na nani amlipie.

Nchini Kenya, msamaha ulitolewa na kituo chenyewe, siku ya ugonjwa. Wakati huohuo, asilimia 75 ya makusanyo ilibaki kituoni na asilimia 25 ikaenda kwenye huduma za msingi za wilaya. Kwa mpangilio huo, kila msamaha ulipunguza fedha za kituo kilichoutoa. Aliyepaswa kumhurumia mgonjwa ndiye aliyepata hasara kwa huruma hiyo. Haishangazi kwamba misamaha kwa maskini ilikuwa michache. Mwaka 2004 ada zilipunguzwa hadi shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye vituo vya afya, hatua iliyopunguza mzigo bila kugusa kasoro hiyo.

Tanzania ilielekea kulirekebisha tatizo kwa kuuhamishia uamuzi kijijini. Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria yake mwaka 2001, uliiwezesha serikali ya kijiji kupendekeza kaya za kusamehewa mchango wa mwaka. Majirani walimjua maskini kuliko karani wa dirishani. Hata hivyo, fedha za kufidia michango iliyosamehewa hazikuwa na chanzo cha uhakika. Kijiji kilipewa mamlaka ya kutambua, lakini hakikupewa uwezo wa kulipia.

Uganda ilichagua kuliondoa swali lenyewe. Machi 2001 ilifuta ada katika vituo vya umma, isipokuwa kwenye wodi za kulipia za hospitali. Mahudhurio yaliongezeka, hasa miongoni mwa kaya maskini. Lakini dawa zilipokosekana vituoni, wagonjwa walizinunua madukani, na tafiti zilionesha kuwa gharama zinazoelemea kaya maskini hazikupungua. Ada iliyofutwa dirishani ilirudi kwa mlango wa duka la dawa.

Rwanda ndiyo iliyounganisha majibu ya maswali yote mawili. Bima za jamii zilizojaribiwa katika wilaya tatu mwaka 1999 zilienezwa nchi nzima katikati ya muongo uliofuata. Baadaye zikaunganishwa na utaratibu wa ubudehe, ambapo wanakijiji walizipanga kaya kwa madaraja ya uwezo katika mkutano wa hadhara. Kuanzia mwaka 2011, mchango ulikuwa faranga 2,000, 3,000 au 7,000 kwa mtu kulingana na daraja, na ule wa madaraja ya chini ulilipwa na serikali pamoja na wafadhili. Utaratibu huu haukukosa manung'uniko: daraja lilipogeuka kuwa thamani ya fedha, upangaji wake uligombaniwa, na mwaka 2015 madaraja yakapunguzwa kutoka sita hadi manne. Aidha, utegemezi kwa wafadhili uliacha swali la uendelevu.

Ulinganisho huu unaonesha kwamba msamaha usio na mlipaji ni ahadi tu, hata uandikwe vizuri kiasi gani katika sheria. Mwaka 2023 Kenya na Tanzania zote zilitunga sheria mpya za bima ya afya zinazolenga wananchi wote. Kwa kuzingatia uzoefu wa miongo miwili iliyochunguzwa, kipimo cha sheria hizo hakitakuwa idadi ya waliosajiliwa pekee. Kitakuwa pia iwapo mchango wa kaya isiyo na uwezo unafika mfukoni kabla mgonjwa hajafika kituoni.