Daraja la Tacoma na Kauli ya Kutendana

Wafasiri wakutanapo na taarifa za wahandisi juu ya kuiga kwa kompyuta matukio ya kimaumbile yanayoathiriana, huelekea kuandika "matukio yaliyounganishwa". Tafsiri hiyo yaonekana kufaa, lakini historia ya taaluma yenyewe yaikataa.

Daraja la Tacoma Narrows, katika jimbo la Washington nchini Marekani, lilifunguliwa tarehe 1 Julai, 1940, likaanguka tarehe 7 Novemba mwaka huo huo. Wasanifu walikuwa wameuhesabu upepo kama msukumo uliotulia, na daraja kama kitu kinachosukumwa tu. Siku hiyo upepo haukufika kilomita 70 kwa saa. Lakini mwendo wa daraja uligeuza mkondo wa upepo, na upepo uliogeuzwa ukauzidisha mwendo wa daraja. Hapakuwa na mtenda mmoja na mtendwa mmoja. Vitu viwili vilitendana.

Hesabu za namna hiyo ni nzito mno kwa mkono. Mwaka 1960 Ray Clough, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliipa jina njia ya kuligawa umbo katika vipande vidogo vyenye kikomo, ambavyo milinganyo yake hutatuliwa pamoja kwa kompyuta. Mwaka 1976 Arieh Warshel na Michael Levitt walikutanisha ngazi mbili katika hesabu moja: sehemu ndogo ya kimeng'enya, palipotokea mmenyuko, waliihesabu kwa mekanika ya kwanta, na sehemu iliyosalia kwa mekanika ya kawaida. Wao na Martin Karplus walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2013.

Kwa sababu hizo twapendekeza "matukio yanayofungamana". Neno hili si geni. Twalijua tangu siasa ya kutofungamana na upande wowote, nalo lachukua kiambishi -an- cha kutendana. Kwa ukubwa wa mahali tukio linapochunguzwa, tangu atomu hadi daraja zima, twapendekeza "ngazi", kwani "kipimo" kina kazi nyingine tayari.

Ofisa asomaye "yaliyounganishwa" aweza kudhani kwamba upepo na daraja vyahesabiwa mbalimbali, kisha majibu yakajumlishwa. Hivyo ndivyo walivyodhani wasanifu wa Tacoma. Tungependa kupata maoni ya walimu na wafasiri kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.