Taa za Miami

Mwezi wa Mei 1939 meli iitwayo St. Louis ilitoka Hamburg na abiria 937, karibu wote Wayahudi waliomkimbia Hitler. Kuba ilikubali washuke wachache, wasiozidi 30. Meli ikapita karibu na Florida, hata wakaziona taa za Miami. Marekani, nchi tajiri, ikajibu kwamba nafasi za mwaka ule zimejaa. Wangoje zamu yao. Wakarudi Ulaya, wakagawanywa katika nchi nne. Vita vikawakuta huko, na 254 wakaangamia.

Marekani haikuvunja sheria yake hata moja. Basi, tujiulize: mgeni akibisha hodi usiku, twatazama kwanza daftari au uso wake? Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.