Cheti cha Daktari na Mnyororo wa Uraibu

Mnamo Januari 1980, jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha barua yenye sentensi tano tu. Waandishi wake wawili walikuwa wamepitia kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa hospitalini. Kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa za jamii ya afyuni, walikuta wanne tu, wasiokuwa na historia ya uraibu, ambao uraibu wao ulithibitika vya kutosha. Barua hiyo haikusema neno juu ya mgonjwa anayerudi nyumbani na chupa ya vidonge vya kumeza kwa miezi kadhaa. Hata hivyo, katika miongo iliyofuata ilinukuliwa zaidi ya mara 600, na wengi walioinukuu waliifanya ushahidi kwamba dawa hizi hazina hatari kubwa ya uraibu.

Historia ya uraibu wa dawa za hospitalini imejaa ushahidi mwembamba uliobebeshwa mzigo mzito. Mwanzoni mwa karne ya 19, mfamasia Mjerumani Friedrich Sertürner alitenga mofini kutoka katika afyuni. Kuanzia mwaka 1853, bomba la sindano liliiwezesha dawa hiyo kupenyezwa chini ya ngozi na kutuliza maumivu upesi. Baadhi ya madaktari waliamini kwamba uraibu ulitokana na tumbo kuzoea afyuni, hivyo sindano ingeukwepa. Waliamini kinyume cha ukweli. Mwishoni mwa karne hiyo nchini Marekani, mraibu wa kawaida hakuwa mhuni wa vichochoroni. Mara nyingi alikuwa mwanamke wa tabaka la kati aliyeanzishiwa dawa na daktari wake mwenyewe. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ilianza kuuza dawa mpya ya kikohozi iliyoitwa Heroin. Ndiyo hiyo hiyo ambayo leo vijana wetu huiita unga.

Madhara yalipodhihirika, taifa hilo liliruka kutoka kosa moja hadi jingine. Sheria ya Harrison ya mwaka 1914 iliwataka madaktari na wafamasia wasajiliwe na kuweka kumbukumbu za dawa hizo. Mwaka 1919, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba daktari anayempa mraibu mofini ili tu kumwondolea arosto hafanyi kazi halali ya tiba. Miji kadhaa ilikuwa imefungua kliniki za kuwahudumia watu hao, lakini mamlaka zilizifunga moja baada ya nyingine. Kliniki ya Shreveport, Louisiana, ilifungwa mwaka 1923. Mtu aliyeugua kwa sababu ya cheti cha daktari akageuzwa mhalifu, na soko la magendo likampokea kwa mikono miwili.

Ilichukua takriban miaka arobaini kurudi katika tiba. Mwaka 1964, jijini New York, daktari Vincent Dole na daktari wa akili Marie Nyswander walianza kuwapa waraibu wa heroini dawa ya methadoni. Dawa hii humezwa mara moja kwa siku, hukaa mwilini kwa muda mrefu, na ikitolewa kwa kipimo sahihi huzuia arosto na kupunguza kiu ya unga bila kumlevya mgonjwa. Wapinzani walisema, na wangali wanasema, kwamba huko ni kubadilisha ulevi mmoja kwa mwingine. Hoja hiyo huchanganya mambo mawili. Mwili kuizoea dawa ni jambo moja. Kuendelea kuitafuta dawa hata inapobomoa kazi, ndoa na afya ni jambo jingine, na hilo la pili ndilo uraibu. Mgonjwa wa kisukari huitegemea insulini kila siku, wala hatumwiti mraibu.

Hata baada ya somo hilo, kosa la kwanza lilirudi. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma iliingiza sokoni kidonge cha OxyContin. Wauzaji wake waliwaambia madaktari kwamba dawa inayotoka polepole mwilini haishawishi matumizi mabaya. Watumiaji waligundua kwamba kidonge kikisagwa, dawa yote hutoka kwa mkupuo. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilikiri kosa mahakamani, na malipo yote kwa pamoja yalizidi dola milioni 600. Mwaka 2010 kidonge kilibadilishwa ili kisisagike kwa urahisi, lakini waliokuwa tayari wamenaswa hawakupona kwa sababu ya kidonge kuwa kigumu. Wengi walihamia heroini, kisha ikaja fentanili. Mwaka 2021 pekee, zaidi ya watu 100,000 walikufa nchini humo kwa kuzidisha dawa za aina mbalimbali.

Ufaransa ilikuwa imechagua njia nyingine. Kuanzia mwaka 1995 iliwaruhusu madaktari wa kawaida kuwaandikia waraibu buprenofini, na vifo vya kuzidisha dawa vilipungua kwa karibu asilimia 80 kufikia mwaka 1999. Kumfungia mraibu wiki chache hadi arosto iishe, kisha kumwachia bila dawa wala ufuatiliaji, kunaweza kumuua: mwili unakuwa umesahau uzoefu wake, naye akirudia kipimo cha zamani pumzi hukatika.

Kwetu Afrika Mashariki historia hii si ya mbali. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianzisha kliniki ya methadoni, na watu waliozoea kuitwa mateja wakaanza kuitwa wagonjwa. Nchini Uganda, mwaka 2004, sheria iliwaruhusu wauguzi wenye mafunzo maalumu kuandika mofini kwa wagonjwa wa saratani na wengine wenye maumivu makali. Nchi hizi mbili zinatufundisha kwamba dawa ile ile inahitaji milango miwili: mmoja wa kumfikia anayeumia, mwingine wa kumtoa aliyenaswa.

Tramadoli na dawa za kikohozi zenye kodeini zinapoleta hofu, kishawishi cha mtumishi wa umma huwa ni kupiga marufuku na kukamata. Nigeria ilizuia uzalishaji na uingizaji wa dawa za kikohozi zenye kodeini mwaka 2018. Udhibiti una nafasi yake, lakini marufuku isiyoambatana na kliniki humsukuma mraibu kwa muuza unga, na hofu ikizidi humnyima mofini mgonjwa wa saratani anayelia usiku kucha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Anayejua kwamba akienda hospitali ataishia kituo cha polisi atayaficha maradhi yake. Kwa hiyo kila bajeti ya kudhibiti dawa inapopitishwa, mwanaharakati, mwanafunzi na mtumishi wa umma waulize kwa pamoja: katika fedha hizi, ni kiasi gani kimetengwa kwa ajili ya tiba?