Neno la Kale la Kiingereza Lenye Maana ya Karibu

Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi wangu mmoja aliandika katika daftari lake neno "nigh". Nami kwa haraka nikalikata kwa wino mwekundu, nikidhani amekusudia "night", yaani usiku, akasahau herufi ya mwisho. Kesho yake aliniletea Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, iliyotolewa mwaka 1611, akanionyesha neno lile kwa adabu. Niliona haya. Makala haya ni malipo ya deni hilo.

"Nigh" maana yake ni karibu, iwe kwa mahali, kwa wakati au kwa kiasi. Katika Kiingereza cha kale, kilichosemwa kabla ya Wanormani kuishinda Uingereza mwaka 1066, liliandikwa "neah". Ndugu zake ni "nah" la Kijerumani na "na" la Kiholanzi. Herufi "gh" hazikuwa pambo hapo zamani. Zilitamkwa kwa sauti inayofanana na "kh" ya Kiarabu. Sauti hiyo ilitoweka, maandishi yakabaki.

Neno hili lilikuwa na ngazi tatu: "neah", karibu, "near", karibu zaidi, na "niehst", karibu kuliko yote. Ngazi ya tatu ndiyo "next" ya leo. Ngazi ya pili ina kisa chake. Kwa kusaidiwa na neno "nær" la watu wa Skandinavia waliofanya makao Uingereza, "near" lilianza kutumika kwa maana ya karibu tu. Mtoto akamrithi mzazi wake angali hai! Kisha, kwa kuwa ngazi ya juu imeshuka, watu wakatunga "nearer" na "nearest". Basi asemaye "nearer", kwa asili yake, asema "karibu zaidi zaidi".

Mzazi hakufa kabisa. Amebaki katika Biblia, katika mashairi, na katika "well-nigh", yaani takriban. Tena amejificha ndani ya "neighbour", jirani. Zamani lilikuwa "neahgebur", mkulima akaaye karibu. Sehemu yake ya pili ina nasaba moja na "Boer", jina walilojiita wale tuliowaita Makaburu.

Je, sisi? "Karibu" letu lilitoka katika Kiarabu, kadhalika "jirani", ambalo kwa Waarabu ni wingi, yaani majirani. Kwetu mtu mmoja atosha kuitwa hivyo. Lakini tazameni jamaa zetu wa Kibantu. Waganda husema "kumpi" kwa karibu, na "-mpi" kwao ni -fupi. Wanyarwanda husema "bugufi", na "-gufi" kwao pia ni -fupi. Wachewa husema "pafupi", neno ambalo Mswahili hahitaji kufasiriwa. Kwao, palipo karibu ni pale ambapo njia yake ni fupi.

Ndugu walimu, neno lililochakaa si neno lililokosewa. Mwanafunzi akituletea neno tusilolijua, tufungue kamusi kwanza, ndipo tushike kalamu nyekundu. Yule wangu nilimrudishia alama yake mbele ya darasa zima, kwa kuwa mbele ya darasa hilo ndiko nilikomnyima.