Kodiani ya Vifungo katika Muziki wa Zaideko

Muziki wa zaideko, yaani dansi ya Wakrioli weusi wa jimbo la Louisiana, Marekani, ulirithi sauti yake kutoka kwa kodiani ya safu moja yenye vifungo kumi, ala iliyoagizwa kutoka Ujerumani na kupigwa kwa ustadi mkubwa na Amédé Ardoin, aliyeanza kurekodi mwaka 1929. Kila kifungo hutoa noti mbili, moja mvukuto unapobanwa na nyingine unapovutwa, na kila noti ina ndimi nne za chuma ambazo, vishikio vinne vya juu vikifunguliwa vyote, hulia kwa pamoja. Humo ndimo unamotoka ule unene wa sauti uliojaza kumbi zisizo na vipaza sauti. Mwanamuziki wa zaideko Clifton Chenier alichagua kodiani ya kinanda ili apate noti zote za bluzi, uamuzi wenye mantiki, lakini ule mkato wa kubana na kuvuta, unaoupa mdundo pumzi, ulidumu kwa mpiga kodiani ya vifungo Boozoo Chavis, aliyerekodi "Paper in My Shoe" mwaka 1954. Anayetafuta zaideko iliyoshiba na aanze na safu moja ya ndimi nne.