Ifahamu Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe: hifadhi mbili za jirani

Wasikilizaji wengi wa Karagwe na Kyerwa wanaiona milima ya hifadhi kila siku lakini hawajawahi kuingia ndani. Wengine bado wanasema "pori la akiba". Tuanzie hapo.

Zamani yalikuwa mapori mawili ya akiba, Ibanda na Rumanyika-Orugundu. Mwaka 2019 yakapandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa chini ya TANAPA. Tofauti ni kubwa. Katika pori la akiba, mwenye leseni aliweza kuruhusiwa kuwinda. Katika hifadhi ya taifa hakuna uwindaji, iwe una leseni au huna. Kuchunga mifugo na kukata miti pia ni marufuku. Kinachoruhusiwa ni utalii, utafiti na mafunzo, kwa kibali.

Ziko wapi?

Ibanda-Kyerwa iko kwenye kona ya nchi, pale mto Kagera unapotoka mpakani mwa Rwanda na kupinda kuelekea mashariki, mpakani mwa Uganda. Ina vilima vya nyasi, nyati, nyamera, pofu na swala. Mtoni kuna viboko na mamba. Ng'ambo, upande wa Rwanda, kuna Hifadhi ya Akagera.

Rumanyika-Karagwe ni ya milima mikali na mabonde yenye msitu. Jina ni la Omukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, ambaye Novemba 1861 aliwapokea Waingereza Speke na Grant. Speke aliondoka Januari 1862 kwenda Buganda. Grant, aliyekuwa anaugua mguu, alibaki kwa mfalme hadi Aprili. Makao ya watawala hao yalikuwa Bweranyange. Stanley naye alifika mwaka 1876, akatembelea maji moto ya Mtagata, ambayo leo yako wilaya ya Kyerwa.

Anayetoka Bukoba hupitia Kyaka hadi Omurushaka. Safari ni nyepesi zaidi kiangazi, Juni hadi Agosti, kwa sababu wakati wa masika barabara za udongo huteleza.

Mnyama akiingia shambani

Hili ndilo linalowaumiza wengi. Mtu amelima maharage na migomba msimu mzima, nyati wanapita usiku mmoja tu. Kanuni za 2011 zinatambua malipo ya aina mbili: kifuta jasho kwa mazao au mifugo iliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Si fidia ya hasara yote, ni pole ya serikali. Kwa mazao, umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi huhesabiwa, na kwa kanuni hizo shamba lililo ndani ya mita 500 halilipwi. Kwa hiyo, kabla ya kununua au kukodi shamba, uliza kwanza mpaka uko wapi.

Ukipata hasara, usisubiri. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo, naye amjulishe afisa wanyamapori wa wilaya. Usivune wala kulima upya kabla tathmini haijafanyika. Piga picha kwa simu yako. Na usimfukuze nyati kwa panga: shamba hupandwa tena, lakini uhai haurudi.

Tunza ukurasa huu, na msomee jirani asiye na simu.